Kinubi cha Daudi na kilio cha Tamari

Neno la Jumapili
Masomo: 2 Samweli 12:1–14, 2 Samweli 13:1–22, Matendo ya Mitume 9:26–28

Nawasalimu nyote mliokuwa nasi hapa Marshalltown Jumapili iliyopita, na ninyi mliokuwa zamu na mnasoma haya kwenye simu ndani ya teksi. Wengi mmeniomba maandishi ya mahubiri. Haya hapa, pamoja na mambo ambayo sikuyamaliza madhabahuni kwa sababu mchungaji alikuwa ameshaanza kuangalia saa.

Mnajua kilichotufikisha kwenye somo hili. Kuna ndugu aliyerudi katikati yetu baada ya kutumikia kifungo. Alihukumiwa kwa kumjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Kifungo amekimaliza, na kipindi cha kuwa chini ya uangalizi wa Magereza kimekwisha pia. Sasa ameomba kurudi kwenye kwaya na gitaa lake la solo. Waliowahi kumsikia wanajua ana mkono gani. Vijana wa kwaya wanamtaka hata kesho, na siwashangai, maana kinanda chetu tangu mwaka jana kinajua nyimbo nne tu. Lakini wiki hiyohiyo dada mmoja alinifuata baada ya ibada, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku atakapomwona mtu huyo amesimama mbele na mikono ikapunga kumpokea, yeye atatafuta kanisa lingine. Hana chuki naye binafsi, hata hawafahamiani. Ni kwamba yeye mwenyewe alipigwa na mume, miaka mingi, na mume yule alikuwa mwimbaji kanisani.

Baraza la wazee litakaa kuamua. Kabla hatujakaa, nimeona tuzungumze kwa Neno la Mungu, na tuzungumze pia kwa mambo ya dunia tunayoyajua, kwa sababu kanisa si la kwanza kukutana na swali hili. Dunia ya muziki imekutana nalo mara nyingi, na namna ilivyolijibu inatufundisha, mara nyingi kwa kutuonyesha pa kutopita.

Wenzangu wa kutoka Tanzania mnalikumbuka jina la Nguza Viking, Babu Seya. Ndugu zangu Wakongomani mnalidai kuwa lenu, na ni kweli, maana alitoka Kongo akaja Dar es Salaam na gitaa lake, akapiga na Maquis, na watu wakacheza. Oktoba 2003 alikamatwa pamoja na wanawe watatu, akiwemo Johnson Nguza, yule tunayemwita Papii Kocha. Walishtakiwa kwa kuwabaka watoto 10 wa shule ya msingi pale Sinza, watoto wa miaka 6 hadi 8. Juni 2004 Mahakama ya Kisutu iliwahukumu wote wanne kifungo cha maisha. Walikata rufaa Mahakama Kuu, wakashindwa. Februari 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wawili, lakini hukumu ya baba na Papii ikabaki pale pale. Wao wenyewe siku zote walisema hawakufanya.

Tarehe 9 Desemba 2017, siku ya Uhuru, Rais Magufuli akiwa Dodoma alitangaza msamaha kwa wafungwa maelfu, wakiwemo 61 waliokuwa wakisubiri kunyongwa, na akawataja Babu Seya na Papii kwa majina. Mtakumbuka shangwe ile. Walitoka Ukonga, watu wakajaa barabarani, simu zikainuliwa juu, redio zikapiga nyimbo za zamani siku nzima. Baada ya wiki chache tu wakakaribishwa Ikulu. Kisha Machi 2018, wakiwa tayari nje, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile inayokaa Arusha, ikatoa hukumu kwamba haki yao ya kusikilizwa ilikiukwa: hawakupewa nakala za maelezo ya mashahidi, mashahidi muhimu hawakuitwa, na baba hakuwezeshwa kufanyiwa kipimo alichokiomba kujitetea.

Naomba mshike mambo haya yote mkononi kwa pamoja, msiangushe hata moja. Mahakama za nchi ziliwatia hatiani ngazi kwa ngazi. Mahakama ya Afrika ikasema mwenendo wa kesi ulikuwa na kasoro za kweli. Rais akawasamehe, na msamaha wa rais hufungua mlango wa gereza tu. Hausemi kama mtu alitenda au hakutenda. Na kuna watoto 10, ambao siku ile ya shangwe walikuwa wasichana wa miaka 20 hivi. Katika picha zote nilizoziona siku ile, na niliziona nyingi maana hapa Sauzi tulikesha tukitumiana, sikuona mtu aliyeuliza wale mabinti wamelala vipi usiku huo.

Mimi sijui kilichotokea Sinza. Wala ninyi hamjui. Ninachokisema ni hiki: shangwe ile haikusubiri kujua. Wapo waliofurahi kwa sababu waliamini kwa dhati kwamba watu wale walionewa, na furaha yao ina heshima yake. Lakini wengi wetu, tuseme kweli, tulifurahi kwa sababu tulikuwa tumeukosa muziki. Tulimpokea mpiga gitaa. Kesi tuliiacha kwa wengine. Kuhusu watoto, na hasa ukikumbuka mwaka huohuo wa 2017 rais yuleyule alikuwa ametangaza kwamba msichana akipata mimba asirudi shule, wapo watetezi wa haki za watoto waliosema kwa sauti kwamba wasichana wa Tanzania wamepewa ujumbe mbaya mara mbili. Sauti yao ilizama kwenye ngoma.

Kwa ndugu wa Kongo ninalo jina lingine, na najua nikilitaja wengine watanuna: Koffi Olomide. Julai 2016 alipotua Nairobi, kamera zilimkuta uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta akimrushia teke mmoja wa wanawake aliokuja nao. Kenya ikamrudisha alikotoka. Ufaransa nako kulikuwa na kesi ya waliokuwa wanenguaji wake. Mwaka 2019 mahakama ya Nanterre ilimhukumu kifungo cha nje cha miaka 2 katika shauri la binti aliyekuwa na miaka 15. Kwenye rufaa, Desemba 2021, mahakama ya Versailles ilimwachia katika shtaka la udhalilishaji wa kingono, lakini ikamtia hatiani kwa kuwafungia wanenguaji 4 ndani kinyume cha hiari yao, ikampa miezi 18 ya kifungo cha nje. Ni lazima kusema yote mawili, la kuachiwa na la kutiwa hatiani. Haki haina upendeleo kwa upande unaotupendeza. Sasa katikati ya hukumu hizo mbili, mwishoni mwa 2020, alitoka na wimbo pamoja na Diamond Platnumz, na hakuna harusi ya Waswahili hapa mjini niliyohudhuria ambayo haukupigwa. Pale Nairobi palipotokea lile teke, ulipigwa. Kwenye ukumbi tuliouombea baraka sisi wenyewe, ulipigwa.

Na tusiwaonee Wakongomani na Watanzania peke yao. Mji huu wa Johannesburg una habari yake. Machi 2010, Soweto, mwanamuziki Molemo Maarohanye, Jub Jub, alikuwa na mwenzake wakishindana mbio za magari barabarani. Waliwagonga watoto wa shule. Wanne walifariki, wawili wakabaki na majeraha ya ubongo. Mwaka 2012 walitiwa hatiani kwa mauaji. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ikasema si mauaji ya kukusudia, ikapunguza adhabu. Januari 2017 alitoka kwa msamaha wa masharti. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye televisheni akiongoza kipindi cha kufumania wapenzi, na mwaka 2020 wimbo wake wa dini uliokuwa ukiimbwa mpaka kwenye misiba yetu ukarekodiwa upya na waimbaji wengi wakubwa, wa injili wakiwemo. Mwingine, Sipho Ndlovu, Brickz wa kwaito, mwaka 2017 alipewa miaka 15 kwa kumbaka binti wa ukoo wake aliyekuwa na miaka 16. Mkitaka kwenda mbali zaidi, R. Kelly kule Marekani alihukumiwa miaka 30 mwaka 2022, na wimbo wake wa kuruka angani bado unaimbwa kwenye mahafali za watoto wetu wa chekechea.

Nimewapa majina haya ili tuone dunia ya muziki inafanya nini, si ili mwende nyumbani mkifuta nyimbo kwenye simu zenu. Ninavyoona mimi, mara nyingi inafanya kitu kimoja: inasamehe kwa niaba ya watu wengine. Aliyevunjwa taya ni mwingine, anayesema yameisha ni promota. Aliyezika mtoto ni mwingine, anayesema tusonge mbele ni kituo cha redio. Ni rahisi sana kusamehe deni ambalo hukuwa unadai wewe. Nao wale wachache wanaokataa, kwa kawaida hukataa kwa muda ule hasira ikiwa na moto, kisha wimbo mpya unatoka.

Sasa tufungue Biblia. Ndugu zangu, Daudi alikuwa mwanamuziki. Tumezoea kumwita mfalme na mchungaji wa kondoo tukasahau kwamba kazi yake ya kwanza ikulu ilikuwa kupiga kinubi mbele ya Sauli ili roho mbaya imtoke. Mwanamuziki huyu alimchukua mke wa askari wake, akaandika barua ya kumuua mume, na barua hiyo akampa mume mwenyewe aipeleke. Uria alibeba kifo chake mfukoni. Haya ni makosa ya jinai, wapendwa, tusiyaite anguko tu kwa sababu yamo kwenye Biblia.

Naye akatubu. Nathani alikuja na mfano wa mwana-kondoo wa maskini, Daudi akajihukumu kwa kinywa chake, na Zaburi ya 51 inabeba kwenye kichwa chake habari hiyo hiyo. Tunaiimba zaburi ile. Tunaiimba Majivu, tunaiimba Ijumaa Kuu, nimeisikia ikisomwa vitandani mwa wagonjwa kwa Kiswahili, Kizulu na Kifaransa. Ina nguvu kwa sababu haidanganyi. Hakuna ndani yake neno la kujitetea. Hasemi mwanamke alikuwa anaoga wazi, hasemi nilikuwa na msongo, hasemi vyombo vya habari vimenikuza. Mnajua jinsi wanaume wetu wanavyoomba radhi siku hizi: samahani kama kuna aliyeumia. Hiyo "kama" hamtaikuta kwa Daudi.

Lakini geuza ukurasa mmoja. Sura ya 13. Watu wengi hawaigeuzi. Amnoni, mtoto wa Daudi, anajifanya mgonjwa, anaomba dada yake Tamari aje kumpikia mikate, anamshika kwa nguvu. Tamari anakataa kwa maneno mengi na ya akili. Ni mmoja wa wanawake wachache wa Biblia tunaosikia wakijitetea kwa hoja. Hamsikilizi. Akimaliza anamchukia, anamfukuza, anaagiza mlango ufungwe nyuma yake. Tamari anajipaka majivu, anararua vazi lake refu, anakwenda akilia kwa sauti. Kaka yake mwingine, Absalomu, anamwambia anyamaze, huyo ni kaka yako. Na baba yake? Biblia inasema Daudi alisikia yote, akakasirika sana. Halafu, hakuna. Hakumwita Amnoni. Hakumwita Tamari. Mtu aliyeandika toba nzuri kuliko zote alishindwa kumpa binti yake swali moja tu la umehali gani.

Naamini mambo haya mawili yanahusiana. Mtu aliyesamehewa dhambi ya namna ileile aliona aibu kuihukumu kwa mwanawe. Huenda alijiona hana mdomo wa kusema. Na ukimya wake haukuleta amani: baada ya miaka miwili Absalomu alimuua Amnoni kwenye sherehe ya kukata manyoya ya kondoo, na nyumba ikawaka moto. Kwa hiyo tukisema tu Daudi alisamehewa na sisi tumsamehe fulani, tumesoma nusu ya habari. Kanisa linalojua Zaburi 51 kwa moyo na halijui sura ya Tamari litakuwa kanisa zuri kwa wanaume wenye vipaji, na mahali pa hatari kwa mabinti.

Mimi ni muuguzi, nitawapa mfano wa kazini. Kidonda chenye usaha hakishonwi. Hata kama mgonjwa analia kwamba anaona haya kutembea na shimo mguuni, hatushoni. Tunakiacha wazi, tunakisafisha, tunabadilisha bandeji kila siku, kinajaa nyama kutoka chini kuja juu. Ukishona juu kwa haraka, ngozi itapendeza wiki moja, kisha mtu atarudi na homa ya kutetemeka. Makofi ya Jumapili moja kwa ndugu aliyerudi yanaweza kuwa uzi huo wa kushonea.

Sasa mwingine ataniambia, Mama Mzee, basi unataka tumfukuze. Sivyo hata kidogo. Sisi ni watu wa ajabu kumfukuza mtu. Nusu yetu tumekaa kwenye foleni za Home Affairs tukitazamwa kama wahalifu kwa sababu ya lafudhi. Kanisa letu limesimama karibu na kile kituo kikuu cha polisi ambacho zamani kiliitwa John Vorster Square. Oktoba 1971 Ahmed Timol alikufa akiwa mikononi mwa polisi pale, na uchunguzi wa wakati ule ukasema alijirusha mwenyewe kutoka ghorofa ya 10. Ilichukua mpaka 2017, miaka 46, jaji kutamka kwamba aliuawa. Sisi wa mtaa huu tuna sababu ya kujua kwamba karatasi ya mahakama inaweza kukosea, na kwamba mfungwa ni mtu. Yesu mwenyewe katika Mathayo 25 alijihesabu pamoja na waliofungwa, na hakuuliza kwanza wamefungwa kwa lipi. Akina mama wetu wanaokwenda gereza la Johannesburg, lile watu wanaloliita Sun City, wanafanya kazi ya Injili, na ninawaomba wasichoke.

Ila kuna tofauti kati ya kiti na jukwaa. Kiti kanisani ni cha kila mwenye dhambi. Meza ya Bwana ni ya kila anayetubu. Chakula baada ya ibada, kutembelewa akiumwa, kutafutiwa kazi, kuzikwa kwa heshima: hivyo ndugu yetu anavyo tayari, na mtu asithubutu kumnyima. Jukwaa ni kitu kingine. Anayesimama mbele na kipaza sauti tumempa heshima na nguvu. Watoto wanamtazama, wasichana wanamwamini, na akimpigia dada simu saa nne usiku kumwambia aje mazoezi, dada atakwenda, kwa sababu ni wa kwaya. Wanenguaji wa bendi wanajua ninachosema. Nguvu ya mwanamuziki haiko kwenye vidole peke yake.

Na Daudi huyohuyo ananisaidia hapa. Alitamani sana kumjengea Mungu nyumba. Akanyimwa, na sababu iko wazi kwenye 1 Mambo ya Nyakati 28: alikuwa mtu wa vita aliyemwaga damu. Sawa, pale damu inayotajwa ni ya vitani, si ya Uria, sitaki kulazimisha maandiko. Lakini tazama alivyopokea. Alikuwa amesamehewa, alikuwa mpendwa, na bado kuna kazi moja ambayo haikuwa yake tena. Hakususa. Hakusema kama Mungu amesamehe kwa nini hekalu ananinyima. Alikaa akakusanya dhahabu, chuma na miti ya mierezi ili mtu mwingine ajenge. Kunyimwa kazi moja hakukumtoa kwenye upendo wa Mungu. Ndugu yetu, unayesoma haya, na najua unasoma, nakuomba ukae na sura hiyo.

Somo la tatu linamhusu Sauli wa Tarso, mtesi aliyeokoka. Alipofika Yerusalemu akataka kujiunga na wanafunzi, wote walimwogopa, hawakuamini. Nimeitafuta mistari hiyo mara nyingi nione kama Mungu anawakemea kwa hofu yao. Hawakemei. Hofu yao ilikuwa na sababu. Kuna ndugu zao aliowatoa majumbani kwa nguvu. Kilichotokea ni kwamba alipatikana Barnaba, mtu mzima wa kuaminika, akamshika mkono, akawaeleza kwa utaratibu. Yaani aliyekuwa na mashaka hakuambiwa amekosa imani. Alipewa maelezo na muda. Kwa hiyo ile kauli niliyoisikia nje ya mlango, kwamba dada fulani ana roho ya kutosamehe, naomba ifie hapo hapo nje ya mlango.

Nataka niseme kidogo juu ya sheria, kwa sababu wengine tunadhani kanisa liko juu yake. Makosa ya kingono dhidi ya watoto hayana mjadala wa baraza. Afrika Kusini ina daftari la kitaifa la wahalifu wa kingono, lilianza kazi 2009, na Sheria ya Watoto ina daftari lake la ulinzi. Mtu aliyeandikwa humo haruhusiwi kufanya kazi na watoto, hata ya kujitolea, hata kufundisha kinanda bure. Kanisa linatakiwa kuuliza kabla ya kumweka mtu kwenye shule ya Jumapili au kwaya ya watoto. Hata kama Mungu amemsamehe, hata kama analia kila ibada. Na Sheria hiyo hiyo ya Watoto, kifungu cha 110, inawataja wauguzi, walimu na viongozi wa dini kwa majina ya kazi zao: tukiwa na sababu ya kuamini mtoto ananyanyaswa ni lazima tutoe taarifa kwa ustawi wa jamii, polisi, au shirika la ulinzi wa watoto. Hakuna kifungu kinachosema familia ikae kwanza imalizane na wajomba walipe mbuzi. Najua desturi za kwetu. Zimewagharimu Tamari wengi.

Na kwa aliyeumizwa: ukibakwa, usioge kwanza ukipata nguvu ya kujizuia, na nenda hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina muda huo tu, na mapema ni bora zaidi. Ziko hospitali zenye vituo vya Thuthuzela ambako daktari, polisi na mshauri unawapata mahali pamoja. Baragwanath kule Soweto kipo. Huulizwi kwanza kibali cha kuishi nchini ndipo utibiwe, na mtu akikuuliza mlangoni, nipigie nije. Simu ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 0800 428 428, ya watoto ni 116. Ziandikeni ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo, siyo kwenye simu ambayo mume anaikagua.

Mapendekezo yangu nitakayoyapeleka barazani nimeyasema hadharani ili kila mtu ajiandae kuyapinga. Kwanza, ndugu yetu apokewe kama mshirika kamili, na Barnaba wake ajulikane kwa jina: mzee mmoja atakayekutana naye kila wiki, atakayekuwa na ruhusa ya kumuuliza maswali magumu. Gitaa la mbele lisubiri. Sisemi miaka mingapi. Nasema lisipimwe kwa jinsi anavyopiga. Tuangalie anasimuliaje kosa lake akiwa hana hadhira. Anasema nilimpiga, au anasema yale yaliyotokea? Analipa matunzo ya mtoto? Je, yuko tayari kukaa kwenye kiti cha nyuma mwaka mzima bila kununa? Nchi hii ina utaratibu wa Magereza wa kuwakutanisha mkosaji na aliyekosewa, na aliyekosewa ana haki ya kusikilizwa mbele ya bodi kabla mfungwa hajatolewa. Lakini hiyo ni haki yake, siyo kazi tunayompa. Kama yule mwanamke hataki kumsikia, asisumbuliwe na ujumbe wa kanisa wala na mchungaji mwenye nia njema. Msamaha wake si tikiti ya mtu kurudi jukwaani.

Pili, siku yoyote akirudi kupiga, tangazo lisifanyike kwa makofi na kigelegele. Akae na wenzake apige. Na dada zetu waambiwe wiki kadhaa kabla, mmoja mmoja, kwa adabu, ili asiwepo mtu wa kushtukizwa ibadani. Na akina dada wawili, si mmoja, wawe kwenye kamati itakayotoa ruhusa hiyo. Tumekuwa na kamati za wanaume tisa zikijadili usalama wa wanawake kwa muda wa kutosha.

La tatu linawahusu watu wa sherehe. Sitawapa orodha ya nyimbo za kupiga na za kutopiga, mimi si mahakama ya muziki, na nikianza na Koffi sijui nitaishia wapi na rumba nzima ya ujana wangu. Naomba tu kamati za harusi zimuulize bibi harusi na mama zake kabla ya orodha kwenda kwa DJ. Kuna mtu ukumbini anayemjua mnenguaji fulani, au aliyewahi kuwa mnenguaji. Kuna mtu ambaye wimbo fulani ulikuwa unapigwa chumba cha pili siku alipoumizwa. Ni swali la dakika mbili.

Jumapili ijayo kwaya itaongoza Zaburi 51 kama ilivyopangwa. Nimemwomba mwenyekiti wa akina mama asome sura ya Tamari mara tu baada ya zaburi, yote, mstari wa 1 hadi wa 22, bila maelezo, kisha tukae kimya dakika tatu. Watoto wa shule ya Jumapili watakuwa wametoka kwenda kwa walimu wao. Baraza litakaa saa nane mchana chumba cha nyuma. Aliye na neno na asingependa kusimama mbele za watu anaweza kuniandikia karatasi na kuiacha kwa katibu ndani ya bahasha iliyofungwa. Nitazisoma mwenyewe, na majina hayatatajwa.